Monita Iliyouawa na Kamati

Wifi yangu ana miaka hamsini na mmoja, afya njema ukiondoa macho, na kazi ambayo ofisini kwetu hakuna mwingine aliyewahi kuitamani: ni msomaji wa prufu, mtu anayewinda makosa kabla kitabu hakijachapwa. Mimi ni mhariri. Mimi huharibu vitabu, yeye huvitengeneza. Ndivyo anavyopenda kunitania, na kwa kuwa ameolewa na kaka yangu sina budi kuvumilia. Meza zetu zimetazamana kwa miaka kumi na tisa, katika chumba chenye madirisha matatu ambayo moja tu hufunguka, ghorofa ya pili ya ofisi inayochapa vitabu vya shule.

Watu wa mtambo kule chini ndio waliompa jina la Nukta. Alilipata siku aliposhuka ngazi mbilimbili, viatu mkononi, akasimamisha mashine iliyokuwa imekwisha kuanza kutema kurasa. Katika kitabu cha hisabati nukta moja ilikuwa imeanguka, na dawa ya mtoto ya mililita mbili nukta tano ikawa mililita ishirini na tano. Mkuu wa wakati ule alimshukuru mbele ya wafanyakazi wote. Mkuu wa sasa, nadhani, angemwandikia barua ya kumtaka ajieleze kwa nini alitembea peku saa za kazi.

Miaka sita iliyopita jicho lake la kushoto liliingia ukungu, likafanyiwa upasuaji, likarudi nusu. La kulia likalifuata. Daktari akamhakikishia kwamba atasoma mpaka azeeke, mradi herufi ziwe kubwa na zikae mbali naye kidogo. Akadai monita kuukuu iliyokuwa ya wachoraji, akapewa: pana kama mlango wa kabati, nzito, fremu yake imegeuka rangi ya jino la mvuta sigara. Aliisimamisha wima, ukurasa mzima ukaenea, herufi moja ikawa sawa na ukucha wa kidole gumba. Tangu hapo hakuna kosa lililompita. Nilizoea kumwona ameegemea kiti, mikono ameifumbata, akiukagua ukurasa kwa mbali kama mama anayemkagua binti yake kabla hajatoka nyumbani.

Nitaje pia kwamba prufu za karatasi zilipigwa marufuku mwaka juzi, kwa waraka wa kuokoa karatasi uliosambazwa nakala tatu kwa kila mfanyakazi. Kila kitu husomwa kwenye kioo. Kwa Nukta, basi, ile monita haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Jumatatu moja zikaletwa kompyuta mpakato arobaini, nyembamba, zinang'aa, zikagawiwa kwa hotuba. Hotuba ilitolewa na mkuu wa kitengo cha kompyuta, ambaye tunamwita Mtaalamu kwa sababu yeye mwenyewe alituomba tumwite hivyo. Kabla ya saa nane mchana yale masanduku ya kompyuta za zamani yaliyokuwa chini ya meza zetu yalikuwa yamebebwa, yamefungiwa ghalani na kutiwa lakiri, yakingoja mnada. Monita ziliachwa juu ya meza. Hakuna katika waliopanga shughuli hiyo aliyejiuliza zitaunganishwa na nini.

Maana kompyuta mpya ilikuwa na tundu moja tu la kutolea picha, bapa na jembamba. Monita zetu zilikuwa na ule mdomo wa bluu wa enzi zake, wenye vitundu kumi na vitano na skrubu mbili pembeni. Kuviunganisha hivi viwili kwa waya mtupu ni sawa na kupitisha kifungo cha koti katika tundu la sindano.

"Mtaalamu, mwanangu," Nukta aliuliza, "mimi nitasomea wapi?"

"Mama, skrini si hiyo hapo kwenye laptopu?"

"Hii ni skrini au kioo cha kujipakia poda?"

Chumba kikaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka, alirekebisha kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake. "Kuna kifaa kinaitwa adapta, mama yangu. Kinaunganisha cha kale na cha kisasa. Mchakato umeanza."

Nina shahada ya lugha, na kwa miaka yote niliyoitumikia sijapata kukutana na sentensi tupu kuliko hiyo. Mchakato umeanza! Mchakato ulichukua wiki tatu. Katika wiki hizo Nukta alijaribu kusoma kitabu cha hisabati cha darasa la sita kwenye kile kioo cha poda. Akizikuza herufi mpaka azione, yalibaki maneno matatu tu mbele yake. Ilimpasa kuusukuma ukurasa kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayesoma barua kupitia tundu la ufunguo. Kurasa tatu kwa siku, na kichwa kinamgonga mpaka jioni. Kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili na themanini.

Hatimaye adapta zikafika, arobaini, kila moja katika kiboksi chake. Ofisini kwetu hakuna kitu kinachotumika kabla ya kupita mbele ya kamati ya mapokezi, na kamati ya mapokezi hujaza fomu. Sharti niieleze fomu hiyo. Ilitungwa zamani, ofisi iliponunua makufuli ya makabati. Ina visanduku vitatu: idadi, umbo, na kuingia. Ufunguo ukiingia, mapokezi yamekamilika. Tangu hapo fomu hiyohiyo imepokea viti, mapazia, kizimamoto na jenereta, na haijawahi kuongezwa kisanduku cha nne, cha kuuliza kama kilichonunuliwa kinafanya kazi.

Mkuu mwenyewe ndiye mwenyekiti wa kamati. Walikaa ukumbini, kompyuta moja mezani ikiwa imezimwa, monita moja haijachomekwa hata kwenye umeme. Mtaalamu alichukua adapta ya kwanza. Upande mmoja ulikuwa na mdomo bapa. Akapitisha hapo waya mfupi mpaka kwenye kompyuta. Upande wa pili ulikuwa na pini kumi na tano. Akazididimiza kwenye monita.

"Inaingia?" Mkuu akauliza.

"Inaingia, Mkuu."

"Andika. Nyingine."

Mara arobaini. Katibu wa kamati aliniapia kwamba ilipofika ya thelathini Mkuu alikuwa anauliza huku macho ameyafumba. Saini zikawekwa, mhuri ukagongwa, soda zikanywewa.

Kesho yake tuligawiwa. Nukta alichomeka yake kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto mchanga, akakaza skrubu mbili kwa ukucha, akawasha. Kitaa chekundu kikawaka kwenye adapta. Monita ikawa nyeusi, kisha kisanduku kidogo kikaanza kuelea huku na huko: hakuna ishara. Nikageuka kuitazama yangu. Hakuna ishara. Chumba kizima kilikuwa na visanduku vinavyoelea kama samaki waliokosa maji ya kutosha.

Mtaalamu alizunguka meza moja baada ya nyingine, akachomoa, akachomeka, akapuliza tundu, akazima, akawasha. Mwisho alisimama katikati ya chumba na kutoa hukumu. Adapta zimekaguliwa na zimepita. Kitu kilichopita hakiwezi kuwa kibovu. Kwa hiyo monita zote zimekufa.

"Zote arobaini?" Nukta aliuliza.

"Umri, mama. Vifaa navyo huzeeka."

"Mbona hatukuambiwa hata kama zinaumwa? Zilikuwa zinafanya kazi mpaka asubuhi ile mlipotuletea hizi mpya. Zimekufa siku moja, saa moja, kama waliokula sahani moja?"

"Mama, hii ni elektroniki. Si ya kubahatisha."

Akaandika taarifa. Kufikia Alhamisi monita zote zilikuwa zimekufa kwa maandishi, kwa mhuri, na kwa saini ya Mkuu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwa wamekutana na kamati ya mapokezi.

Siku hiyohiyo Nukta aliletewa barua. Ilisema kwamba mtumishi ameonekana kushindwa kuendana na vifaa vya kisasa; kwamba anapewa hadi Ijumaa ya wiki inayofuata kukabidhi kitabu cha hisabati kikiwa kimesomwa chote; na kwamba akishindwa, taratibu za kumstaafisha kwa sababu za kiafya zitaanza. Ilikuwa imebaki miaka tisa afikie kustaafu kwa umri. Aliisoma kwa lenzi ya mkononi, mstari kwa mstari. Alipomaliza alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha makosa matatu ya tahajia na koma moja iliyokaa pabaya, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Kisha akaenda chooni na kukaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Jumamosi mchana nilikwenda kwao. Kaka yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndiyo karakana yake, na ukitaka kukaa lazima kwanza uhamishe suruali ya mtu. Alikuwa anashona bila kuinua kichwa, ishara kwamba ameshasomewa barua.

"Mama watoto, kaa nyumbani basi," alikuwa anasema. "Utanisaidia kutia vifungo."

"Kifungo nitakiona kwa jicho lipi, mume wangu? Nitawashonea wateja wako vifungo kwenye kwapa."

"Wapo ambao wangependa."

"Wewe cheka tu. Wifi, msikie kaka yako."

Akafungua mkoba akatoa adapta. Nilishtuka. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa hajaondoka na kalamu ya ofisi hata kwa bahati mbaya.

"Umeiba mali ya kamati," nikamwambia.

"Nimeiazima ili niisome. Kila mtu ameichomeka, hakuna aliyeisoma."

Akaivuta taa ya cherehani, akaweka lenzi jichoni. Msomaji wa prufu husoma kila kitu. Nimemwona akisahihisha maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Aligeuza kile kidude taratibu, ubavu kwa ubavu. Kisha akaniita. Kwenye mgongo wake, rangi nyeusi juu ya nyeusi, palikuwa na mshale uliochongwa, mdogo kuliko punje ya mchele. Ulitoka kwenye zile pini kumi na tano ukielekea kwenye mdomo bapa.

Kaka yangu akaja kuchungulia, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Si maana yake kitu kinaingilia huku na kutokea kule? Hata zipu ina upande wa kuanzia. Ukiivuta kutoka usipopaswa, utakesha nayo."

Fundi cherehani wa darasa la saba alitumia nusu dakika. Sisemi zaidi.

Jumatatu asubuhi Nukta aliupeleka mshale ule kwa Mtaalamu, na mimi nikamfuata. Mtaalamu aliutazama bila kuuona.

"Huo ni urembo wa kiwanda, mama."

"Na karatasi iliyokuwa ndani ya kiboksi? Imeandikwa picha inakwenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta ya zamani kwenda skrini mpya. Sisi tuna kompyuta mpya na skrini za zamani. Mmenunua za kwenda, sisi tunarudi."

"Karatasi zile hakuna anayezisoma."

"Hilo nimeligundua," Nukta akamjibu.

Mtaalamu akatupeleka kwa Mkuu, nadhani kwa kutumaini tutatishika. Mkuu alisikiliza huku akipanga vibanio vya karatasi kwa ukubwa.

"Kamati imeshasaini," alisema.

"Kamati imesaini kwamba inaingia, Mkuu. Haikusaini kwamba inaonyesha."

"Kwa hiyo unataka kuifundisha kamati kazi?"

"Hapana, Mkuu. Nataka kufanya yangu. Nimebakiwa na siku tano."

"Umebakiwa na siku tano," Mkuu alikubali, kwa upole wa mtu anayemtajia mwenzake saa.

Ndugu msomaji, nimewahi kukutana na wajinga, na sina ugomvi nao. Ujinga una dawa. Ninachoshindwa kukisamehe ni ujinga uliopewa mhuri, kwa sababu huo hauna tena haja ya kuuliza.

Adhuhuri tulitoka, mimi na yeye, tukapita mitaa miwili mpaka kwenye kibanda kilichobanwa kati ya mtoa fotokopi na mshona viatu. Nyaya zilining'inia kutoka darini kama nywele za mtu aliyeamka. Mwenye kibanda alikuwa mama mnene, miwani juu ya kichwa, anakula huku akipima betri. Nukta akampa ile adapta ya kamati.

Yule mama hakuigusa kwanza. Aliuliza swali moja. "Picha inatoka wapi, dada yangu, na inakwenda wapi?"

Wiki nne, kamati moja, saini saba, na swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Inatoka kwenye laptopu mpya, inakwenda kwenye monita ya zamani."

"Basi hapa umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbuzi mzima, ila si wako." Akavuta boksi chini ya meza, akatoa kidude kinachofanana na kile kama pacha, isipokuwa kwamba hiki kilikuwa na ulimi bapa wa kuchomeka kwenye kompyuta, na pini kumi na tano mwishoni mwa mkia wa waya. "Hiki. Subiri nikuonyeshe, usinunue kwa kuamini uso wangu." Akakichomeka kwenye kompyuta yake na kwenye kiskrini kuukuu kilichokuwa pembeni. Picha ikaja: mtoto amebeba paka. "Mjukuu wangu," alisema. "Paka wa jirani."

Nukta alilipa kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe. Saa nane kasoro tulikuwa mezani. Akachomeka, akakaza skrubu, akawasha. Monita ilipepesa mara moja, ikatulia, na ukurasa wa sitini ukasimama mbele yake, wima, herufi kama kucha. Aliegemea kiti, akafumbata mikono, akasema, "Wifi, hapa umeandika 'zidisha' mahali pa 'gawanya'."

Alisoma Jumatatu hiyo, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Chakula alikula palepale, macho kwenye kioo. Alikuta makosa sitini na moja, na kwa masikitiko nakiri kwamba ishirini yalikuwa yangu. Ijumaa saa nne asubuhi alifunga ukurasa wa mwisho.

Saa nne u nusu waliingia Mkuu na Mtaalamu, na Mkuu alikuwa ameshika bahasha. Ilikuwa imefungwa tayari. Akasimama mbele ya meza, akafungua kinywa, akaiona monita inawaka.

"Kitabu kimekamilika, Mkuu," Nukta alisema. "Kimeshatumwa mtamboni. Thibitisho limetumwa kwako saa nne na dakika saba."

Mkuu alimtazama Mtaalamu. Mtaalamu, na hapa lazima nimpe haki yake, hakupoteza hata sekunde. "Unaona, Mkuu? Adapta zetu zinafanya kazi. Zilihitaji tu kuzoeana na mazingira."

"Hongera," Mkuu akasema, na bahasha ikaanza kurudi taratibu mfukoni.

Mwingine angenyamaza. Barua ilikuwa inarudi mfukoni, kazi imepona. Nami nilimkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze. Lakini mtu aliyesimamisha mtambo kwa ajili ya nukta moja hawezi kuacha sentensi nzima ya uongo imsimamie mezani.

"Ni kweli, Mtaalamu?" Akachomoa adapta yake, akafungua droo, akatoa ile ya kamati. "Basi nisaidie. Chomeka hii."

"Si lazima, mama."

"Chomeka, mwanangu. Inaingia."

Mtaalamu akachomeka. Chumba kizima kilikuwa kimesimama. Hata wa kwenye kona, anayelala macho wazi, alikuwa ameamka. Kitaa chekundu kikawaka. Kisanduku kikaanza kuelea. Hakuna ishara.

Mkuu alikitazama kile kisanduku kikigonga pembe na kurudi, mara tatu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Basi monita imekufa sasa hivi."

Nukta akachomoa, akachomeka ya kwake. Ukurasa ukarudi. "Imefufuka, Mkuu."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Walikohoa. Nimesikia kikohozi kingi maishani, lakini kile kilikuwa cha watu arobaini kwa pamoja.

Bahasha haikutoka tena. Kumstaafisha kwa upofu mtu aliyemaliza kitabu kabla ya wakati, mbele ya mashahidi arobaini, kungehitaji fomu ambayo bado haijatungwa. Nukta akabaki mezani kwake, na kitabu kikaenda mtamboni na nukta zake zote.

Lakini kukiri kosa, hilo halikufanyika. Jumatatu iliyofuata waraka ulibandikwa. Monita zote zinabaki kuwa zimekufa, kwa mujibu wa taarifa. Iliyo mezani kwa msomaji wa prufu itahesabiwa kuwa inafanya kazi kwa majaribio. Adapta yake, kwa kuwa haikupita mbele ya kamati, ni mali ya mgeni. Ataiingiza kila asubuhi na kuitoa kila jioni, na itaandikwa getini katika daftari la vitu vya wageni. Zile arobaini zimerudishwa ghalani, nzima, na lakiri juu yake, na kila baada ya miezi mitatu kamati huenda kuthibitisha kwamba bado zinaingia.

Nukta hakulalamika. Kila asubuhi anasimama getini na kukitoa kidude chake mkobani.

"Umekuja na nini leo, mama?" mlinzi humuuliza, ingawa anajua.

"Macho yangu, baba. Andika."

Na mlinzi huandika. Wiki ya pili nami niliandikiwa. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kuinamia kioo cha poda, na yule mama wa kibandani alinitambua kabla sijauliza. Wiki ya tatu tulikuwa kumi na mmoja kwenye foleni. Mwezi ulipokwisha mlinzi aliomba daftari jipya, akaambiwa mchakato umeanza.

Jana nilikuwa nyuma ya Mtaalamu kwenye foleni hiyo. Alikuwa ameshika mfuko mweusi wa plastiki, ameubana kwapani.

"Na wewe, bosi?" mlinzi aliuliza. "Una nini humo?"

"Chakula cha mchana."

Mlinzi aliupokea mfuko, akauinua, akautikisa karibu na sikio. Kisha akalowesha kidole, akafungua ukurasa, na akaandika kwa mwandiko mkubwa ambao hata Nukta, aliyekuwa mbele yetu, aliweza kuusoma bila lenzi: chakula cha mchana, kimoja, chenye pini.